Herufi A na Kibodi ya Ghali

Kibodi yangu ya kwanza iliuawa na herufi moja. Vitufe vingine vyote vilikuwa vizima, A peke yake ndiyo iliyogoma. Nikiibonyeza kwa upole haitoki; nikiikandamiza kwa hasira zinatoka mbili. Mtu anayeandika Kiingereza pengine angevumilia siku mbili tatu. Mimi ni mfasiri, kutwa naandika Kiswahili, na Kiswahili bila A hakiandikiki. Chukua neno kama "watakapowasaidia": herufi 16, sita ni A. "Wanapatana" lina herufi 10, na nusu yake ni A. Kazi ilikuwa inatakiwa asubuhi, maduka yamefungwa, kwa hiyo kurasa mbili za mwisho nilizimaliza kwa kunakili A moja na kuibandika kila ilipohitajika. Nililala saa nane usiku. Ndiyo maana hadi leo mtu akiniuliza kama kibodi ya ghali ina thamani ya pesa zake, mawazo yangu hukimbilia kwenye herufi hiyo.

Ya pili nayo ilikuwa ya bei ya chini kabisa, maana nilijiambia kibodi ni kibodi. Ikamwagikiwa maji, wala si mengi, kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa. Niliipindua, nikaianika siku mbili, nikaichomeka tena. Ikaamka bila Q, bila Z, na bila yule yule adui yangu, A.

Safari hii niliipeleka kwa fundi. Aliigeuza, akatoa skrubu, akaifungua mbele ya macho yangu, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nakipiga kwa miaka. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, nyembamba kama mistari ya kalamu. Ya katikati ina matundu tu. Juu ya zote tatu limetandikwa zulia la mpira lenye vichuguu, kila kitufe na kichuguu chake. Ukibonyeza kitufe, kichuguu kinabonyea, kinaisukuma karatasi ya juu iguse ya chini kupitia tundu, umeme unapita, kompyuta inajua umeandika herufi fulani. Ukiachia, mpira unakirudisha kitufe juu. Basi, habari yote ni hiyo. Maji yalikuwa yamekula mstari mmoja kati ya ile iliyochorwa.

"Dada, hapa hapalehemeki," fundi aliniambia. "Nikiweka moto plastiki inayeyuka. Nikitaka kukutengenezea, itabidi nitafute kibodi nyingine kama hii nitoe karatasi zake. Sasa si bora ununue hiyo nyingine?"

Nilicheka, nikalipa kitu kidogo kwa muda wake, nikaenda kununua hiyo nyingine. Nayo haikumaliza mwaka. Ya tatu hiyo sitaieleza kwa urefu. Maandishi ya vitufe yalifutika kwanza, kisha vitufe vikawa vizito kama vimetiwa gundi, na siku moja nikaitupa bila hata kumwonyesha fundi.

Maneno ya fundi yalikuwa na jibu lote ndani yake, ila mimi nilielewa nusu. Nilichokielewa ni kwamba vitu vya rahisi havidumu, kwa hiyo ninunue kinachodumu. Ilinichukua miaka kadhaa kung'amua kwamba hakuwa anazungumzia kudumu hata kidogo.

Nilikuwa pia na kumbukumbu iliyonisukuma upande huo. Katika ofisi ya kwanza niliyofanyia kazi kulikuwa na mzee mmoja, msahihishaji wa maandiko, aliyekuwa na kibodi ya IBM Model M, aina iliyoanza kutoka mwaka 1985. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2. Ungeweza kuzuia mlango nayo. Ndani yake kila kitufe kina springi yake, na ukiisukuma springi hiyo hufika mahali ikajipinda ghafla, ikalia, na mlio huo na ule mstuko mdogo kidoleni hutokea pale pale herufi inapoandikwa. Kidole hakina haja ya kubahatisha. Kompyuta yake ilibadilishwa mara tatu nikiwa pale, na kila mara watu wa mitambo walikuja na kibodi mpya iliyotoka na kompyuta mpya, na kila mara aliwarudishia. Plagi ya kibodi yake ilikuwa ya mtindo wa zamani, ile ya duara, akawa anatumia adapta. Nilipomuuliza kwa nini anang'ang'ania, alinijibu bila kuinua macho: "Binti, kompyuta ni mgeni. Hii ndiyo mwenyeji."

Basi nilipoamua kutoa pesa nyingi, nilikuwa naukimbiza mlio wa yule mzee.

Kibodi za swichi, tofauti na zile za zulia la mpira, zina swichi kamili chini ya kila kitufe: nyumba ndogo ya plastiki, ndani mna mhimili, springi, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilizianzisha swichi zake za MX katika miaka ya 1980, na rangi ilizozipa zimegeuka kuwa lugha ya biashara nzima. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo. Kahawia ina kijinundu katikati ya safari, kidole kinakihisi. Bluu ina kinundu na mlio. Safari nzima ya swichi za aina hiyo ni kama milimita 4, na herufi huandikwa karibu na katikati, kwenye milimita 2 hivi. Maana yake, kwa nadharia, huhitaji kukipigisha kitufe chini kama unavyolazimika na mpira. Nasema kwa nadharia, kwa sababu mtu aliyetwanga mpira miaka kumi ataendelea kutwanga tu, hata umpe swichi ya dhahabu. Mimi nilitwanga.

Nikachagua bluu. Boksi lilikuwa limeandikwa kwamba kila swichi inahimili mibonyezo milioni 50, wakati kibodi za mpira kwa kawaida hutajiwa milioni 5 hadi 10. Nilisoma namba hiyo nikaona nimemaliza shida ya kibodi hadi kustaafu.

Siku mbili za kwanza nilifurahi kama mtoto. Niliandika barua pepe ambazo hazikuwa na haja ya kuandikwa ili tu nisikie vitufe. Siku ya tatu nilikuwa na kazi ya usiku. Kama saa sita hivi mwenzangu alitokea mlangoni amembeba mtoto aliyeamka, akasimama akinitazama kwa muda, akauliza, "Unapigana na nani humu ndani?"

Nilijaribu kila dawa. Nikatandika kitambaa kinene chini ya kibodi, nikafunga mlango, nikaziba mwanya wa chini kwa taulo. Nikanunua vipete vya mpira vya kuvisha ndani ya vitufe; vinapunguza sauti ya kitufe kugonga chini, lakini mlio wa bluu hautoki huko, unatoka ndani ya swichi yenyewe, na swichi zilikuwa zimelehemewa kwenye bodi. Kuzibadilisha zote maana yake ni kutoa risasi ya kulehemea kwenye miguu miwili ya kila moja. Baada ya miezi minne nilimuuzia mdogo wangu kwa nusu ya bei niliyonunulia. Alisema kwake hakuna wa kuamshwa nayo.

Hasara hiyo ilinifunza jambo ambalo ningelijua bure kama ningemwomba mtu aniachie nilaze vidole vyangu kwenye kibodi yake kwa siku moja tu: sauti na mguso ni mambo ambayo maelezo ya dukani hayawezi kukupa. Lakini hata hivyo nusu ya pesa ilirudi. Zile tatu za mpira nilizozika hakuna hata moja iliyorudisha senti.

Kibodi iliyofuata nilihangaika nayo zaidi kabla ya kuinunua. Vitufe 87, yaani ya kawaida ila imekatwa ule uwanja wa namba wa kulia. Swichi za kinundu bila mlio. Na vitu viwili ambavyo wakati huo niliviona kama mapambo: kwanza, swichi zake hazikulehemewa, zimechomekwa kwenye soketi, ukiwa na koleo dogo la waya unaichomoa moja na kuchomeka nyingine, pili, ina kumbukumbu ndani yake, unaweza kukipangia kila kitufe kazi unayotaka na mpangilio ukabaki ndani ya kibodi hata ukiihamishia kompyuta nyingine. Bei yake ilinifanya niifiche risiti.

Nianze na ambayo haikunipa.

Haikunipa kasi. Nilijipima kabla ya kununua, maandishi yale yale, dakika kumi, mara tatu: wastani wa maneno 51 kwa dakika. Miezi sita baadaye, maneno 52. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya zaidi kwa sababu vidole vilikuwa vinagusa vitufe kwa bahati mbaya na herufi zinaandikika kwa mguso mdogo. Makosa yalipungua kidogo baadaye, hilo nakiri, lakini ukinionyesha mtu anayeahidi kwamba kibodi itakufanya uandike haraka, nitakuonyesha muuzaji. Na kwa kazi yangu kasi ya vidole si kikwazo hata kidogo. Naweza kukaa dakika tano nikitafuta neno moja la Kiswahili litakalobeba alichokusudia mwandishi bila kulia kama bati. Vidole vinanisubiri mimi.

Haikuniponya mikono pia, na hapa niseme kwa kirefu kwa sababu ndiyo ahadi inayouza kibodi nyingi. Wakati huo nilikuwa na maumivu yanayoanzia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, yanapanda kwenye kigasha hadi karibu na kiwiko. Niliamini kibodi laini itayamaliza. Baada ya mwezi yalizidi. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, akaniomba nimpigie picha ya ubavuni nikiwa kazini. Alipoiona alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Hii meza ni ya kuandikia au ya kulia?" Ilikuwa ya kulia. Juu mno kwa kiti changu, kwa hiyo viwiko vilikuwa vinaning'inia chini ya usawa wa meza na mikono inapanda kuifuata kibodi, vifundo vimekunjwa kwa juu kutwa nzima. Na kibodi mpya ilikuwa imeongeza ubaya: kibodi za swichi ni nene kuliko za kawaida, na mimi kwa kujisikia mtaalamu nilikuwa nimeinua vile vimiguu vya nyuma vinavyoiinamisha kibodi kumwelekea mtu. Vimiguu hivyo vinasaidia kuona vitufe, lakini vinakikunja kifundo zaidi.

Aliniambia nivikunje vimiguu, nipandishe kiti hadi viwiko vilingane na meza, niweke kitu chini ya miguu yangu maana sasa haikufika sakafuni, na niinuke kila baada ya nusu saa. Baada ya wiki sita hivi maumivu ya kigasha yalikuwa yamekwisha. Gharama ya dawa ile: boksi moja la vitabu vya zamani, lililokuwa limekaa bila kazi, chini ya nyayo zangu. Kuna kibodi zilizopasuliwa vipande viwili, kila mkono na chake, ili vifundo visipinde kwa nje. Niliazima moja kwa wiki mbili na naelewa kwa nini wapo wanaoziapia, lakini mimi niliirudisha kwa sababu kazi zilikuwa zinachelewa.

Kilichobaki kilikuwa kidole kidogo cha kushoto. Kigasha kilipona, kidole hakikupona. Nikaanza kukichunguza kinafanya nini kutwa, na jibu lilikuwa chini ya pua yangu. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitoka kwenye mashine ya kuchapa ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874. Ulipangwa na watu waliokuwa wanaandika Kiingereza. A iliangukia chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, na kwa Kiingereza si balaa kubwa sana kwa sababu herufi inayofanya kazi zaidi huko ni E, ambayo iko kwa kidole cha kati. Kwetu ni A. Nilizihesabu kwenye kazi zangu za mwezi mmoja: katika kila herufi tano, zaidi ya moja ilikuwa A. Juu ya hapo kidole hicho hicho kinabeba shifti, kile kitufe cha kuandikia herufi kubwa, na kitufe cha kuhamia safu ya pili, na vile vya pembeni vya amri. Punda mmoja, mizigo ya kijiji kizima.

Hapo ndipo kile kilichoonekana pambo kilipogeuka chombo. A sikuihamisha, vidole vya miaka ishirini havibadilishiki kirahisi. Nilihamisha kila kitu kinachoizunguka. Shifti nikaiweka kwenye kitufe kilicho kushoto mwa kile kirefu cha nafasi, kidole gumba kiwajibike, maana gumba ndicho chenye nguvu na kutwa kinabonyeza nafasi tu. Kile kitufe cha kufunga herufi kubwa, kinachokaa jirani na A na ambacho sijawahi kukihitaji ila kwa bahati mbaya, nikakifanya cha kufuta. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika kama mlevi. Ya tatu kidole kilinyamaza.

Niwe mkweli hapa: mabadiliko kama hayo unaweza kuyafanya kwa programu ya bure ndani ya kompyuta, kwa kibodi yoyote, hata ile ya mpira. Tofauti ni kwamba mimi nafanya kazi kwenye kompyuta tatu tofauti, na moja si yangu, siruhusiwi kuiwekea programu. Kibodi inakwenda na mpangilio wake tumboni. Ukiwa na kompyuta moja, hoja hii haikuhusu na usilipie.

Kuna kipindi nilipotea njia, na sioni sababu ya kukificha. Ukishanunua kitu cha aina hii unaanza kusikia habari za watu wanaovitia grisi viungo vya ndani vya swichi ili visikwaruze. Jumamosi moja nilizichomoa swichi zote 87, nikazifungua moja moja kwa kibanio, juu, mhimili, springi, chini, nikapaka grisi kwa brashi ndogo ya kuchorea. Ilinichukua saa tisa. Nilipaka hadi kwenye miguu ya mhimili, pale penye kinundu. Nilipomaliza, vinundu vilikuwa vimezama kwenye grisi; swichi zangu za kinundu zikawa kama hazina kinundu. Jumapili nzima nilizifungua tena kuzifuta. Sikutaka hata kumweleza mwenzangu nilichokuwa nakifanya, akabaki anaamini natengeneza redio.

Na kuna vitu nilivyolipia ambavyo ningeviacha. Taa za rangi: nilizizima siku ya pili. Kasha la chuma: zuri, zito, halijaniandikia hata sentensi moja. Vitufe vya plastiki ya PBT badala ya ABS ndiyo, hivyo vinastahili nyongeza kidogo, kwa sababu ABS hung'aa kwa mafuta ya vidole baada ya muda na kuteleza, na PBT hukaa na ukavu wake muda mrefu zaidi. Wachezaji wa michezo ya kompyuta wana hoja zao za kasi na mengineyo. Mimi si mchezaji.

Sasa nirudi kwenye A.

Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, nikiwa katikati ya mkataba mrefu, niliona neno "mkatabaa". Nikafuta. Mstari uliofuata, "makubaliaano". Nilijua ugonjwa huo kwa jina. Vipande vya chuma ndani ya swichi vinapogusana huruka-ruka kidogo kabla ya kutulia, na kibodi huwa imepangwa isubiri kitambo kidogo sana ili isihesabu mruko kama mbonyezo mwingine. Swichi ikichakaa au ikiingia uchafu, mruko unarefuka kupita muda huo wa kusubiri, na herufi moja inatoka mbili.

Nilipiga hesabu, kwa uchungu kidogo. Naandika kama mibonyezo 20,000 kwa siku ya kazi, siku 250 kwa mwaka: milioni 5. Ukitoa nafasi na vitufe visivyo herufi, A inapata karibu laki tisa kwa mwaka. Miaka mitatu na nusu ni kama milioni 3. Boksi lilisema milioni 50. Sisemi boksi lilidanganya. Huenda ile grisi yangu ya Jumamosi ndiyo iliyotega bomu. Ila kama ningekuwa nimeinunua kibodi ile kwa ajili ya namba hiyo peke yake, siku hiyo ningejiona nimeibiwa. Hata zile za mpira, kwa namba za kutajiwa, zingefika miaka mitano na zaidi. Hazikufika.

Lakini siku hiyo sikuandika A kwa kubandika. Nilichukua lile koleo dogo la waya lililokuja na kibodi, nikakinyanyua kifuniko cha A, nikaichomoa swichi. Upande wa juu kulia wa kila kibodi ya aina hii kuna kitufe kimeandikwa Scroll Lock, ambacho tangu nizaliwe sijakibonyeza kwa makusudi. Nikaichomoa swichi yake, mpya kabisa, miaka mitatu na nusu imekaa bila kuguswa. Nikaichomeka kwenye A, ile mgonjwa nikaipeleka kwa Scroll Lock ikapumzike. Dakika mbili. Nikamalizia mkataba.

Nilikaa kidogo nikiitazama. Kibodi zangu tatu za kwanza zilikufa zikiwa na vitufe kadhaa vizima visivyowahi kutumika, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumsaidia mwenzake. Ndicho alichokuwa ananiambia fundi kwa ile "hapalehemeki" yake. Tangu wakati huo nimebadilisha A mara moja tena na N mara moja, na vitufe vya akiba bado ninavyo vingi. F11 na F12 wanajijua wako kwenye foleni.

Kwa hiyo swali la pesa. Kibodi yangu ingeweza kuwa na bei ya chini kwa zaidi ya nusu na bado ingenifanyia yote niliyoyataja yenye maana. Hataza za swichi za Cherry, yaani haki za kuzitengeneza peke yake, zilipokwisha, viwanda vingine vingi vilianza kutengeneza zinazofanana nazo, na leo soketi na kumbukumbu vinapatikana kwenye kibodi za bei ya kati ambazo hazina kasha la chuma wala jina la kutamba. Kinachozidi hapo ni raha na urembo. Sidharau raha, mtu anayekaa na kitu saa nane kwa siku ana haki ya kukipenda, ila aiite raha asiiite kazi. Na anayeandika jumbe tatu kwa siku na kujaza fomu mara moja kwa mwezi abaki na ya mpira. Itamfaa.

Mwaka jana binti wa mdogo wangu, yule mdogo wangu niliyemuuzia ile bluu, alinijia akitaka nimsemee kwa baba yake amnunulie kibodi ya ghali. Anasoma chuo, anaandika ripoti ndefu, na alikuwa amechagua moja yenye taa zinazofuata muziki. Alisema mgongo na mabega vinamuuma na ana hakika tatizo ni kibodi.

"Kwa nini usitumie ya baba yako?" nilimuuliza.

"Shangazi, ile nimelala nayo kichwani tangu nikiwa mdogo. Siitaki hata kuisikia."

Sikumpa ushauri. Nilimpa kibodi yangu, nikarudisha shifti mahali pake kwa heshima yake, nikamwambia akae nayo wiki mbili kisha aniambie. Mimi nikarudi kwenye ya mpira niliyokuwa nimeitunza kwa dharura, na nikatwanga.

Wiki mbili ziliisha akanirudishia, imefutwa vumbi, waya umekunjwa vizuri. Nikamuuliza amuonaje mwenyeji wangu.

"Ni nzuri, Shangazi, vidole vimeipenda." Akasita kidogo. "Lakini mabega bado. Nilikuwa naandikia kitandani."

Tulimpigia baba yake simu pamoja, kuomba meza.